Fidla Ingali Hai, Mwaizika ya Nini?

Vijana wenzangu wa kalamu na wa kinanda, leo nimekuja na ugomvi. Atakayekasirika na akasirike. Karatasi zipo, wino upo, naye ajibu. Lakini kwanza anisikilize mpaka mwisho.

Siku hizi ukiingia studio za Unguja, ziwe za Mji Mkongwe au za huko Ng'ambo, utamkuta kijana mbele ya kompyuta anakwambia, "Mie nachanganya taarabu na biti." Muulize taarabu iko wapi. Atabonyeza kibonye kimoja, na hapo zitatoka fidla ishirini kwa pamoja, laini, safi, hazina hata tone la jasho. Atabonyeza cha pili, na ngoma ya mashine itaanza kugonga. Basi, kazi imekwisha. Wapiga fidla wenyewe wako wapi? Hawapo. Kanuni iko wapi? (Nasema ile ala ya nyuzi zaidi ya 70, sizungumzii kanuni za serikali.) Haipo. Nai je? Haipo. Kuna kijana, kompyuta na umeme.

Hoja yangu ni nyepesi, nami naisema mapema ili asiwepo wa kuitafuta kwa tochi. Kuchanganya ni kuwakutanisha wawili. Ukimtoa mmoja ukaitundika picha yake ukutani, hujachanganya, umerithi. Na mtu hurithi mali ya maiti. Sasa nani aliyekwambieni kuwa orkestra ya taarabu imekufa?

Hapa najua kuna mzee mmoja barazani keshaanza kunipigia makofi. Babu, shikamoo, lakini makofi hayo yangoje kwanza. Na wewe nina neno lako.

Wazee wetu husema umeme umeharibu "taarabu ya asili". Asili ipi hiyo, wazee wangu? Si ndiyo hii tunayosimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni? Si ndiyo hii iliyozaa Ikhwani Safaa mwaka 1905, klabu iliyokuwa ikiitazama Misri kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu wake? Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliichukua taarabu ile ya kasri akaitia Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kutia sauti yake kwenye santuri. Fidla imetoka Ulaya. Akordioni imetoka Ulaya. Bashrafu, ile tunayofungulia usiku kabla mwimbaji hajasimama, chimbuko lake ni Uturuki. Hata Umm Kulthum, ambaye wazee wetu wakimtaja huinamisha vichwa, mwaka 1964 aliimba "Enta Omri" aliyotungiwa na Mohammed Abdel Wahab, na ndani ya orkestra ile mlikuwa na gitaa la umeme. Je, Misri ilizama? Haikuzama.

Taarabu ni jahazi. Kila bandari iliyotia nanga imepakia kitu. Anayesema jahazi hili lisipakie tena, na aseme pia ni mzigo gani wa zamani tuushushe: fidla, akordioni au Kiswahili chenyewe?

Kwa hiyo, mie sina vita na umeme. Nina vita na hesabu ya viti.

Tazama jambo hili vizuri, msomaji. Akordioni ilipoingia ndani ya firka ilikuja na kiti chake. Alitafutwa mtu, akakaa, akafundishwa, vidole vikamuuma, akawa mpigaji. Selo ilipokuja ikaja na kiti chake. Besi lile kubwa la nyuzi likaja na kiti chake, na mpigaji asiyepata kiti akapiga kwa kusimama. Kila kigeni kilichoingia kiliongeza mtu. Hata ukizitazama Ikhwani Safaa au Culture Musical Club, ambayo ilianzishwa 1958, jukwaani unahesabu watu ishirini na zaidi. Kinanda cha umeme ndicho mgeni wa kwanza aliyeingia nyumbani akawatoa wenyeji nje, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake na ufunguo.

Miaka ya mwanzo ya 1990 East African Melody walipokuja na vinanda, gitaa na ngoma za mashine, mji wote ulisimama kucheza. Rusha roho ikarusha roho kweli. Khadija Kopa, binti wa hapa aliyepita Culture, akaenda Dar es Salaam kuimba na TOT, na mashindano yao na Muungano yakawajaza watu ukumbini mpaka milango ikalia. Mwaka 2006 likaja Jahazi la Mzee Yussuf. Nasema wazi, siwatukani hao. Walikuwa na sababu. Baba wa bibi arusi akipiga hesabu ya posho, chakula na usafiri wa watu ishirini, halafu akaambiwa kuna kundi la watu sita na spika mbili, atachagua lipi? Na kina mama walitaka kuinuka wakacheze. Walikuwa wamechoka kukaa vitini wakitikisa vichwa kama wako darasani. Haki yao.

Lakini kinachoeleweka kwa baba wa bibi arusi hakieleweki kwako wewe kijana wa studio, unayejiita msanii, unayesema unatafuta kitu kipya. Yeye alikuwa anapunguza gharama. Wewe unapunguza nini?

Nikuorodheshee unachopoteza, maana huenda hujakisikia.

Kwanza ni sauti zenyewe. Maqamu kama Rasti na Bayati yana sauti zinazokaa katikati, baina ya kibonye cheupe na cheusi. Mpiga fidla huzipata kwa kuusogeza wayo wa kidole kidogo tu. Mpiga kanuni ana vijiwiko vidogo vya chuma vya kupandisha na kushusha uzi. Kinanda cha kawaida kimetegwa kiwandani, sauti hizo hakina. Vipo vinanda vinavyoweza kutegwa upya, lakini ni wangapi kati yenu wanaovitega? Mnaicha Bayati ikanyooshwa kama shati la pasi, kisha mnashangaa kwa nini bibi yako akiisikia hasemi "Allah!"

Pili ni kungoja. Ukumbini mwimbaji akifika kwenye beti linalomchoma mtu, mama mmoja huinuka kule nyuma. Haendi mbio. Anatembea na noti yake mkononi, anapita mbele ya yule anayemkusudia, anazunguka, anakwenda kumtunza mwimbaji. Na mwimbaji akimwona anakuja, analirudia beti. Firka yote inamfuata: fidla zinapunguza, mpiga dumbaki anashikilia, wote wanamsubiri mama afike. Huo ni utungo mwingine kabisa, unatungwa pale pale na mtu asiyejua hata noti moja ya muziki. Mashine haijui kungoja. Itazunguka na kuzunguka, lakini mama yule haimwoni.

Tatu ni jambo tulilofundishwa na giza. Tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa umeme unaotoka bara ulikuwa umeharibika, na kisiwa kizima cha Unguja kikakaa miezi mitatu bila ya umeme. Watu waliteka maji visimani, samaki wakaoza kwenye majokofu. Asiyekuwa na jenereta kinanda chake kilikuwa ubao. Fidla haikuuliza umeme umekatika lini. Nalisema hili si kwa kuombea giza lirudi, Mungu apishe mbali. Nalisema ili ujue kuwa muziki uliomo vidoleni mwa watu na muziki uliomo ndani ya waya si mali ya aina moja.

Sasa kuna mjanja atakayeniambia, "Yakhe, tazama singeli! Si kompyuta tupu ile, na mpaka Ulaya inapigwa?" Naam, nimeitazama. Singeli ya Dar es Salaam, ya mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, kati ya mbegu zake ni vipande vya ala vya taarabu ambavyo vijana wa uswahilini walivikata, wakavizungusha na kuviharakisha mpaka vikatoa moshi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa "Sounds of Sisso", na dunia ikashtuka. Mie nawavulia kofia. Hawakudanganya mtu kuwa wana orkestra. Lakini jiulize, kile kipande walichokikata kilitoka wapi? Kilitoka kwa watu waliokaa wakapiga, wakarekodiwa. Hata mwizi anahitaji mwenye mali. Tukiacha kuwarekodi wapigaji, kijana wa mwaka 2040 atakata nini? Atakata nakala ya nakala, kivuli cha kibonye.

Basi wanaofanya vizuri hawapo? Wapo, na wala hawako mbali. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kile DCMA kilichoanza 2002 hapa hapa Mji Mkongwe, kimewapa vijana wa mitaani udi, kanuni na fidla mikononi. Kutoka huko tumewapata Siti and the Band, ambao Siti Amina wao anaimba na udi wake kifuani, na nyuma yake mdundo ni wa leo kabisa. Mim Suleiman, mzaliwa wa Zanzibar aliyehamia Sheffield, ameimba Kiswahili juu ya midundo ya mashine ya Maurice Fulton, na santuri yao "Tungi" ya mwaka 2010 haina orkestra wala haijifanyi inayo. Huo ndio uungwana: ukiwa na mashine sema mashine, ukiwa na fidla leta fidla. Na tamasha la Sauti za Busara, tangu lianze 2004, limeshikilia kuwa anayepanda jukwaani apige kweli, asije na muziki wa kwenye kopo. Wengi hunung'unika. Mie nasema Alhamdulillahi.

Lawama peke yake haipiki ubwabwa, kwa hiyo nina maneno kwa watu watatu.

Wewe wa studio. Ngoma za kompyuta yako umezitoa kwenye mafungu ya bure yaliyotengenezwa na mtu asiyepajua hata Mwembetanga. Kwa nini? Kidumbaki unacho uani kwenu: vingoma viwili vidogo, cherewa, mkwasa, na lile sanduku lililotiwa fimbo na kamba moja likawa besi. Ndiyo taarabu ya wasiokuwa na nauli ya kwenda Cairo. Chukua kinasa sauti, kawalipe wapigaji, rekodi kila pigo, kisha vunja-vunja upendavyo ndani ya mashine. Na fidla je? Huna pesa ya watu ishirini, sawa. Mtafute mmoja. Mrekodi mara nne, moja juu ya nyingine, zikae nne. Zitapishana kidogo. Mpishano huo ndio ninaoudai kwako.

Nyinyi wa vilabu. Msituambie "vijana hamna adabu ya muziki" huku mlango wa mazoezi umefungwa. Tufungulieni usiku mmoja kwa wiki. Turuhusuni tuje na maikrofoni zetu. Mkiondoka na bashrafu zenu vifuani, hapatakuwa na urithi wa kugombania. Bi Kidude alituacha Aprili 2013, na wengi walianza kumtafuta na vinasa sauti pale nywele zake zote zilipokuwa nyeupe. Mnataka tuwafanyie na nyinyi vivyo hivyo?

Na nyinyi wenzangu wa kalamu, msicheke pembeni mkadhani ugomvi huu ni wa wapiga vinanda. Taarabu ni shairi lililovaa nguo. Orkestra ilipokuwa na subira, shairi lilipewa nafasi: beti, kiitikio, ala zikapumua, beti tena, hata dakika 15 zikapita. Biti ya dakika tatu inataka nini kwetu? Inataka mstari mmoja urudiwe mara 30. Na sisi tunaandika mstari huo mmoja, tunapewa nauli ya daladala, jina letu halitajwi popote! Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ni ya mwaka 2003, na COSOZA ipo. Andika beti sita zenye vina na mizani, kaandikishe, kisha mwambie mwenye studio: ukilitaka shairi langu, lipe pumzi. Asipokubali, rudi nalo nyumbani. Shairi halichachi.

Orkestra na mashine zioane, mie nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini arusi haifungwi kwa picha ya bwana. Mleteni mwenyewe, na fidla yake, akae kitini.

Anayebisha, uwanja ni huu. Aje na hoja, na akija na kinanda, aje ameshakitega Bayati.