Sufuria ya Gilgali na Pakiti Iliyo Mfukoni Mwako

Ujumbe wa leo ni mrefu na wengine hautawapendeza, kwa hivyo naomba usiandike "Amina" hapo chini kabla hujafika mwisho.

Fungua 2 Wafalme 4, kuanzia mstari wa 38. Kuna njaa Gilgali. Elisha ameketi na wana wa manabii, anaagiza sufuria kubwa ibandikwe motoni. Mmoja wao anatoka kwenda shambani kutafuta mboga, anakutana na mmea wa mwituni unaotambaa, anachuma matango yake mpaka nguo inajaa, anarudi na kuyakatakata ndani ya mchuzi. Hakuna aliyejua ni nini.

Mtazame vizuri huyo kijana. Hakuwa mchawi wala mwizi. Alikuwa ndani ya huduma, ana njaa na nia njema. Na alichochuma kilikuwa cha asili kabisa. Hakikutoka kiwandani. Kiliota kwenye udongo wa Mungu na kunyeshewa na mvua ya Mungu, na kilikuwa sumu.

Nimeanzia hapo kwa sababu nimechoshwa na neno moja: "asili". "Pasta, hii ni ya asili, haina madhara." Nalisikia stendi ya matatu, nalisikia redioni, nalisikia kwenye kikundi cha WhatsApp cha kina mama, na, Mungu anisamehe, nimelisikia kwenye madhabahu yetu, kupitia kipaza sauti nilichokitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Nitarudi hapo.

Wiki tatu zilizopita, saa nane usiku, nilipigiwa simu na mke wa ndugu yetu mmoja. Ni mhudumu wa mlangoni Jumapili na ni mwendesha boda boda usiku. (Amenipa ruhusa niandike haya bila jina lake.) Nilimkuta hospitalini moyo unadunda mpaka shati linacheza, presha iko juu kuliko nilivyowahi kuona, jasho linamtoka na huku nje ni baridi. Daktari, kijana mdogo tu, akamuuliza: "Umetumia nini leo?" Ndugu yetu akanitazama mimi. Kisha akamjibu daktari, "Sijatumia kitu. Mimi nimeokoka."

Daktari alikuwa na akili. Aliniomba nitoke nje kidogo.

Nilipokuwa nje, ukweli ukatoka. Alikuwa anatafuna muguka tangu jioni ili asisinzie. Juu yake alikunywa makopo mawili ya kinywaji cha nguvu. Na juu ya hayo yote, alikuwa akitumia unga fulani wa mitishamba wa "kuongeza nguvu na kusafisha damu", kijiko kimoja mara tatu kwa siku, na siku hiyo aliongeza vijiko kwa sababu alijisikia mchovu. Mkewe alipotoa pakiti kwenye jaketi na kunionyesha, niliitambua mara moja. Iliuzwa kwetu, kwenye meza iliyokuwa mlangoni pa kanisa wakati wa semina. Mimi ndiye niliyempa muuzaji dakika kumi za kutoa "ushuhuda".

Ndugu yetu yuko hai. Sasa anameza dawa za presha na usiku analala. Lakini mimi sijalala vizuri tangu siku ile.

Sasa tuelezane, maana watu wangu wanaangamia kwa kukosa maarifa, na mengine ni makosa ya sisi wachungaji.

Miraa na muguka ni ndugu, zote ni majani ya mti mmoja. Ndani ya jani bichi kuna kemikali inayoitwa kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Haikai sana jani likinyauka, na ndiyo sababu zile gari za miraa kutoka Maua zinakimbia kama zimeibiwa, na mzigo umefungwa kwa majani ya mgomba. Kathinoni inauharakisha moyo, inabana mishipa ya damu, inapandisha presha, inafukuza usingizi na njaa. Kafeini iliyo kwenye kopo lako nayo inausukuma moyo huohuo. Mwili haujapata nguvu yoyote mpya hapo. Umekopa tu, na riba iko juu. Wewe wa boda unanielewa: ni kama kuvuta mafuta hadi mwisho huku umekanyaga breki, injini inalia na moshi unatoka, halafu anakuja mtu anakuuzia kitu cha kuvuta mafuta zaidi.

Huyo mtu ndiye mwenye pakiti. Ndani ya pakiti kuna nini? Imeandikwa "mizizi na magome". Magome gani? Kiasi gani? Hakuna.

Kuna mti wa misitu ya Kameruni, Gaboni na Kongo unaoitwa yohimbe. Gome lake huuzwa duniani kote kama dawa ya nguvu za kiume. Ni la asili, ndiyo, na linapandisha presha na kuyaharakisha mapigo ya moyo. Kuna mbegu ya guarana kutoka Amazoni. Imejaa kafeini, lakini kwenye pakiti wanaandika "guarana", nawe huwezi kujua kwamba umeongeza kafeini juu ya kafeini. Kuna mmea wa Kichina, efedra, ambao Wachina wameutumia kwa karne nyingi kwa matatizo ya kupumua, kwa kipimo. Marekani waliuchukua, wakauchanganya na kafeini, wakauuza kama dawa ya asili ya kupunguza uzito. Mwezi wa Februari 2003, mchezaji wa besiboli wa timu ya Baltimore, Steve Bechler, kijana wa miaka 23 tu, alianguka mazoezini huko Florida na kufa kwa joto la mwili kupita kiasi. Mchunguzi wa maiti alisema kidonge chenye efedra kilichangia. Mwaka uliofuata serikali yao ilipiga marufuku efedra katika virutubisho. Yeye hakuwa mlevi wala mtu wa mitaani. Alitaka kupunguza mwili.

Dada zangu, msicheke ndugu zenu. Mnajua ile chai ya kupunguza tumbo? Katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta chai na kahawa za aina hiyo, zilizoandikwa "mitishamba tupu", zimetiwa sibutramini kwa siri. Hiyo ilikuwa dawa ya hospitali ya kuua hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye ugonjwa wa moyo. Hospitali imeitupa, mwenye pakiti ameiokota. Na zile za "kusafisha tumbo", zenye sanamaki au shubiri, ukizidisha zinakuharisha mpaka madini ya potasiamu yanapungua mwilini. Moyo unayahitaji hayo madini ili udunde kwa mpangilio. Sasa mfikirie mtu aliyeharishwa wiki nzima, halafu anatafuna muguka akipeleka lori Malaba usiku.

Na wazee mnaonunua kwa siri (nawaona): unga mwingi wa "nguvu za kiume" uliochunguzwa duniani umekutwa na sildenafili, kiungo kilekile cha Viagra, bila kuandikwa. Ukiwa na ugonjwa wa moyo na unatumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua, mchanganyiko huo unaweza kuishusha presha yako ghafla mpaka usiamke.

Najua mtakavyonijibu. Mmeanza hata kabla sijamaliza.

Mtasema Mwanzo 1:29, Mungu alitupa kila mche. Amina. Miraa pia ni mche. Tumbaku ni mche. Na yale matango ya Gilgali je? Neno halikusema meza kila kitu kilicho na majani.

Mtasema wazee wetu walitumia mitishamba wakaishi miaka tisini. Ni kweli, na simpigi vita mtu wa mitishamba anayeijua kazi yake. Dawa ya malaria ya artemisinini imetoka kwenye mmea, na Mchina aliyeigundua, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Isaya mwenyewe aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu la Hezekia. Sheria yetu ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya asili. Lakini kumbuka jinsi mzee wa dawa alivyofanya kazi. Alikujua wewe na mama yako. Aliuchimba mzizi mwenyewe. Alikupimia, na kabla hujatoka kwake alikupa mwiko: usile hiki, usinywe kile, usifanye kazi nzito mpaka siku saba ziishe. Huyu wa siku hizi hakupi mwiko wowote, kwa sababu mwiko unapunguza mauzo. Anakuuzia hata humwulizi unakunywa dawa gani za hospitali, na jina lake limeandikwa kwenye pakiti kwa herufi kubwa kuliko lile la mmea.

Wengine mtasema pasta ametumwa na kampuni za dawa. Aliyenituma ni yule mama aliyenipigia saa nane usiku.

Kuhusu muguka wenyewe sitaingia kwenye siasa. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, mahakama ikasimamisha, na mkulima wa Embu ana watoto wa kusomesha. Bishaneni huko. Mimi naongea na mtu wangu ambaye tayari anatafuna na tayari ameficha.

Na hapo kwenye kuficha ndipo dhambi yangu ilipo. Ndugu yetu alidanganya kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Muguka aliuficha kwa aibu, kwa kuwa nimehubiri kwa ukali mpaka mtu anaona afadhali afe kuliko niambiwe. Unga wa mitishamba hakuutaja kwa sababu haihesabiki kama dawa. Si ulikuwa kanisani? Vitu viwili vinavyomuua, kimoja mchungaji amekifanya kisitajike, kingine mchungaji amekibariki. Daktari angefanya nini hapo? Angetibu nini?

Rudi Gilgali. Wale watu walionja wakapiga kelele palepale, mbele ya nabii, kwamba kuna kifo ndani ya chombo. Hawakuogopa kumwaibisha mwenzao aliyechuma, wala kumwaibisha Elisha aliyeagiza sufuria. Elisha hakuwakemea kwa kukosa imani. Aliitisha unga. Wangekaa kimya kwa heshima, sura ya 4 ingeishia na matanga.

Kwa hivyo wachungaji wenzangu, hasa ninyi ambao picha zenu ziko kwenye hizo pakiti: mnajua kiasi mnachopata kwa kila katoni, na waumini hawajui. Waambieni. Na kama hamjui kilicho ndani ya pakiti, ondoeni sura zenu.

Nawe mpendwa, ukifika hospitalini, sema yote. Muguka, kopo, chai, kijiko, kila kitu. Beba pakiti yenyewe. Kama nimesimama hapo, niambie nitoke, nitatoka. Na ukisikia kifua kinabana, moyo unaruka mapigo, kichwa kinapasuka au upande mmoja wa mwili umelegea baada ya kutumia vitu hivi, usipige simu ya maombi kwanza. Nenda hospitali, maombi yatakufuata njiani, sisi tunaomba hata kwenye matatu.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, dada yetu muuguzi atakuwa chini ya hema la watoto na mashine ya presha. Hakuna sadaka. Leteni pakiti mlizo nazo nyumbani, pamoja na zile mlizonunua kwetu. Zile zetu nitawarudishia pesa mimi, polepole, msije wote siku moja.

Yule muuzaji amenipigia mara mbili akiuliza kuhusu meza ya semina ya Disemba. Sikupokea. Nitampigia leo jioni, wazee wa kanisa wakiwa wameketi nami.