Mubi: Mchele wa Floribert na pesa ya bariere

Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa mwenyeheri. Kijana wa Goma. Hakuwa padri wala katekista, alikuwa mtumishi wa OCC, ofisi ya serikali yenye kupima bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alikataa kupitisha mchele ulioharibika. Wakamuonyesha pesa, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Tarehe 7 Julai akatekwa, na siku mbili kisha mwili wake ukapatikana. Alikuwa na miaka 26.

Roma ilikubali kwamba aliuawa juu ya imani yake. Hapo ndipo pa kutazama sana, sababu katika habari hii hakuna mtu aliyemwambia amkane Kristo. Kilichotakiwa kwake ni stempeli tu. Lakini mchele ule ungeliwa na watu, pengine na watoto wa barabarani wale wale aliokuwa anawahudumia pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio. Kwake yeye, kutia stempeli na kusali Jumapili vilikuwa jambo moja.

Huku Mubi, katika teritware ya Walikale, habari hiyo inagusa pahali panapouma. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, Mubi imeishi kwa kasiterite ya Bisie. Wabebaji walikuwa wanatoka msituni na mifuko ya kilo 50 mgongoni hadi Njingala. Mzigo unafika Mubi kwa wanunuzi, unaenda Kilambo, pale ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami, na kutoka hapo Goma. Njia nzima, mikono ya kupokea. Brigade ya 85 ya jeshi ilishika Bisie hadi 2009, ikitoza wachimbaji na wabebaji. Ilipotoka, askari wengine wakaingia. Septemba 2010 Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, ukafunguliwa Machi 2011. Leo kampuni ya Alphamin iko Bisie na mashine zake, lakini bariere za barabarani hazijaisha. Madesu ya bana yangali na jina lile lile.

Na ni nani anasimama kwenye kamba? Mara nyingi ni mkristo, mwenye kuketi Jumapili kwenye benchi moja na mbebaji aliyemkata makuta Ijumaa. Wote wawili wanaimba.

Viongozi wa makanisa, wao, wametoka hadharani. Tangu Januari 2025 maaskofu wa CENCO na wachungaji wa ECC wanapeleka Mapatano yao ya Kijamii kwa ajili ya amani. Februari walikutana na Corneille Nangaa mjini Goma, kisha wakaonana na Rais Kagame huko Kigali. Kuna waliowalaumu kwa kuketi na adui. Lawama hiyo haina nguvu sana: anayetafuta amani ataongea na nani kama si mwenye bunduki? Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Machi, M23 ikaingia Walikale-centre, ikatoka mwanzoni mwa Aprili. Kazi hiyo ya viongozi ni ya lazima. Ila haifiki kwenye kamba ya Mubi.

Tusidanganyane pia. Kumwambia ajenti wa bariere "fanya kama Floribert" ni rahisi kwa mwenye kusimama mimbarani. Yule ajenti anaweza kupitisha miezi bila mshahara, na mbele yake kuna mtu mwenye silaha. Akikataa peke yake, anajua mwisho wake, Floribert mwenyewe aliuona. Ndiyo maana tume za Haki na Amani za parokia, pamoja na jumuiya za kiprotestanti kama CBCA na CEPAC, zina kazi ambayo mtu mmoja hawezi: kuandika bariere gani, siku gani, kiasi gani, kisha kupeleka karatasi hiyo kwa msimamizi wa teritware wakiwa wengi, si mmoja.

Kuna tena swali ambalo wachungaji hawapendi kuulizwa, la fungu la kumi. Bahasha inapofika nene kutoka kwa mwenye kukata watu barabarani, inapokelewa, inaombewa, na jina lake linasomwa kwa shangwe. Mbebaji anasikiliza kutoka benchi la nyuma.