Mshindo Haushindwi kwa Ubavu

Wako watu ambao wakisikia bastola imetajwa huwajia fikira mbili tu: jambazi na askari. Siwalaumu. Lakini liko kundi la tatu, nalo ni la watu wanaokwenda viwanja vya shabaha siku zao za mapumziko, vibali mkononi, wakasimama mbele ya karatasi yenye miduara wakajaribu kuitoboa katikati. Hawa wanacheza, kama mwingine anavyocheza bao au kushindana kwa ngalawa. Leo nataka kusema nao, na kusema pia na vijana wanaotamani kuwa kama wao, kwani katika mchezo huu liko jambo moja linalopuuzwa mno, nalo ni mshiko wa mkono.

Nimesimama mara nyingi nyuma ya mstari wa wapigaji nikiwatazama wanaoanza. Aghalabu mgeni wa mchezo huu huikamata bastola kama anayevuta kamba ya nanga, meno ameyauma na mabega yamempanda masikioni. Akifyatua, risasi hula mchanga chini ya karatasi. Hapo utamsikia akiilaumu bastola, au akisema kuwa anahitaji mkono wenye misuli zaidi. Mimi naona kinyume. Mshindo wa bastola haushindwi kwa ubavu; unapokewa kwa adabu.

Tuutazame mshindo wenyewe. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa kama gramu 8, nayo hutoka kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde. Nguvu ile inayoisukuma risasi mbele ndiyo hiyo hiyo inayoisukuma bastola nyuma, ila kwa kuwa bastola ina uzito wa karibu kilo moja, yenyewe hurudi kwa mita 3 hivi kwa sekunde. Hii ni kanuni ya maumbile, haipokei hongo. Hata hamali wa bandarini hawezi kuizuia. Tena kwa kuwa mtutu umekaa juu ya kiganja, bastola hairudi nyuma tu, bali hunyanyua mdomo.

Sasa sikiliza ajabu, ndugu msomaji. Risasi huuacha mtutu katika muda wa sehemu moja hivi ya elfu ya sekunde. Mdomo unaponyanyuka hata jicho likauona, risasi imekwishakwenda zake. Basi ni nini kilichoipoteza? Ni hofu iliyotangulia. Mkono umeungojea mshindo, ukaukimbilia kabla haujafika, ukausukuma mdomo chini. Mshindo haukufanya kosa lolote. Kosa lilikwishafanyika kabla yake.

Mshiko mwema basi una kazi mbili: kuutuliza mtutu mpaka risasi itoke, na kuurejesha mahali pake upesi kwa risasi ya pili. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono huo upande juu kabisa ya mpini, hata ile ngozi iliyo baina ya dole gumba na kidole cha shahada ibane chini ya mkia wa bastola pasiwe na mwanya. Kadiri mkono unavyoukaribia mtutu, ndivyo mshindo unavyokosa nguvu ya kuunyanyua mdomo. Mkono wa kushoto nao usije chini kama kisahani kinavyokipokea kikombe. Ujaze pale palipobaki wazi ubavuni mwa mpini, vidole vyake vivifumbate vile vya kulia, na madole gumba yote mawili yaelekee mbele. Dole gumba lisikae nyuma ya bastola, kwani kile chuma cha juu kinachorudi kwa kasi hulichana. Viwiko visikakamae, na mwili uelekee mbele kidogo.

Walimu wengi husema kuwa mkono wa kushoto ndio wa kukaza zaidi, na wa kulia uachiwe utulivu, kwani ukikazwa mno kidole chake hukakamaa kikavuta kwa kishindo. Na dawa ya hofu ni nyepesi: mwenzako akuchanganyie risasi bandia na za kweli bila wewe kujua mpangilio. Ukiifikia ile bandia, bastola hunyamaza, lakini mkono utauona ukianguka wenyewe. Hapo siri imefichuka, na mgonjwa amekwishaujua ugonjwa wake.

Nayasema haya kwa sababu vijana wetu wanajifunza kwa picha. Tarehe 30 Julai 2024, katika Olimpiki ya Paris, Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu wa miaka 51, alipata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Picha yake ilienea dunia nzima: mkono mmoja umenyoosha bastola, wa pili umo mfukoni. Wengi waliiona kuwa ni mikogo. Sivyo. Katika mashindano yale ya mita 10 sheria inamtaka mpigaji ashike kwa mkono mmoja, na kuuweka wa pili mfukoni kunausaidia mwili usitikisike. Tena ile ilikuwa bastola ya hewa, ambayo haina mshindo wa kutajika. Kijana akimwiga Dikeç kwa bastola ya milimita 9 siku yake ya kwanza, ameiga kivazi bila ya mwili.

Hata Wamarekani, ambao bastola kwao si kitu kigeni, zamani walizoea kupiga kwa mkono mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1950, askari mmoja wa Los Angeles, Jack Weaver, alifika kwenye mashindano huko California akaishika kwa mikono miwili akiilenga kwa jicho, na akawashinda waliotegemea wepesi peke yake. Katika miaka ya 1980 Rob Leatham na Brian Enos wakaipeleka mbele elimu hiyo kwa kunyoosha mikono yote miwili sawasawa. Hakuna kati yao aliyetafuta kuupiga mieleka mshindo.

Na sisi tulio warithi wa elimu ya Kiislamu tusidhani kuwa habari hii imetoka mbali. Mtume (s.a.w.) aliuhimiza umma wake kujifunza kupiga mishale, na wanazuoni wakaruhusu zawadi katika mashindano yake. Katika Istanbul ya zama za Uthmania, mwanafunzi wa upinde alipokwisha kutimiza masharti ya masafa, mwalimu wake alimpa idhini mbele ya wenziwe, na idhini hiyo ikiitwa kabza, yaani mshiko. Neno hilo ni la Kiarabu, nalo ni la shina moja na neno letu kukabidhi. Kwao kushika silaha kulikuwa ni kukabidhiwa. Kinachokabidhiwa ni amana, na amana ina mwenyewe wa kuiuliza.

Yuko atakayenijibu: "Kwa nini kuufundisha umma mambo ya bastola, na damu iliyomwagika nchini haijakauka?" Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kuwa mkono usiofunzwa ndio wa kuogopwa zaidi. Aliyefunzwa hujua kwanza kuwa kila bastola ina risasi mpaka aikague mwenyewe, na kwamba mdomo wake hauelekezwi kwa mtu. Hilo pia si geni kwetu. Tumekatazwa kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha. Lakini anayejifunza kwa sinema hujifunza kiburi kwanza, na mengine hayafikii.

Tazama kidole chenyewe. Kile kinachovuta kifyatulio ndicho tunachokiita kidole cha shahada, ndicho tunachokiinua katika tahiyatu. Mahali pake, wakati wote ambao hujaamua kupiga, ni nje ya kikingio, kimenyooka ubavuni mwa bastola. Asiyeweza kukituliza hapo hastahiki kibali, hata awe na mkono wa chuma. Nawaomba wenye viwanja wasimpe mgeni risasi ya kweli kabla hajashika bastola tupu mpaka mwalimu akaridhika. Na wewe kijana, usiharakie bastola kubwa. Namaliza kwa ubeti wangu huu:

Mkono usiogope, mshindo ujapolia,
Shika, jicho lisikope, lengo ukiangalia,
Na haraka uikwepe, subira ukitumia,
Risasi ikishatoka, nyuma haitorejea.