Stika ya tangazo ibanduke kwa ukucha

YA NYUMBANI
Na Rehema Mbwana

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme pale Kariakoo, utazame friji zilizopangwa mlangoni. Kila mlango umebandikwa matangazo kuanzia juu hadi usawa wa kiuno: waranti ya miaka 10 ya kompresa, inverta, barafu ya haraka, toleo jipya. Dukani stika hizo zina kazi. Muuzaji anazungumza na wateja watatu kwa mpigo, nazo zinamjibia maswali. Sina ugomvi nazo zikiwa hapo. Ugomvi wangu unaanza friji ikishalipiwa, ikapakiwa kwenye kirikuu, ikafika jikoni kwa mtu, na tangazo likagoma kutoka.

Mwenye nyumba huanza na pembe ya juu. Anaikwangua kwa ukucha, inainuka, anavuta, nayo inachanika katikati. Ngozi ya juu yenye rangi na maandishi inatoka. Chini inabaki karatasi nyeupe yenye nyuzinyuzi, imeng'ang'ania gundi. Analoweka kwa kitambaa cha maji ya moto na kusugua mpaka karatasi inajiviringisha vipande vipande vya kijivu. Hatimaye inabaki gundi tupu. Kwa mbali haionekani, lakini pitisha kiganja, kitanata. Wiki mbili zikipita, vumbi na moshi wa kukaangia vimeshaganda hapo, na mlango una mraba mweusi mahali palepale tangazo lilipokuwa. Ndipo mtu anapochukua stilwaya, na friji mpya inapata mikwaruzo isiyotoka tena.

Friji hiyo pengine ni ya mgao wa kikoba, imengojwa mwaka mzima. Anayeisugua ni mama wa nyumba au dada wa kazi, na mlango ukichubuka yeye ndiye anayegombezwa. Wakati huo aliyechagua gundi ile yuko kiwandani ng'ambo, wala hajui kama kuna mtu amesemwa vibaya kwa ajili yake.

Kosa si la anayesugua. Gundi ya stika haikauki kama gundi ya mbao. Hubaki laini, hushika kwa kugandamizwa, na kadiri siku zinavyokwenda hutambaa taratibu hadi kwenye vishimo vidogo vya rangi na plastiki. Joto huzidisha mwendo huo. Fikiria basi safari ya friji: imekaa ndani ya kontena, imevuka Bahari ya Hindi, imelala bohari, kisha imesimama barazani mwa duka Dar es Salaam jua likiipiga. Ikifika kwako, gundi ina miezi mingi ya kushika.

Wala haiwezi kusemwa kwamba dawa yake haijapatikana. Mwaka 1935, jijini Los Angeles, Marekani, R. Stanton Avery alianzisha biashara ya lebo za kujibandika kwa mkopo wa dola 100 kutoka kwa mchumba wake, Dorothy Durfee. Lebo alizouza zilikuwa za kubanduka bila kuacha uchafu, na maduka yalizitumia kuwekea bei. Hiyo ni takriban miaka 90 sasa. Leo wenye viwanda vya stika wanaagiza gundi ya kudumu au gundi ya kubanduka, kwa hiari yao. Ushahidi mwingine uko kwenye friji yenyewe. Ile nailoni ya kinga iliyofunika mlango huvutwa mara moja ikatoka yote, safi. Kiwanda kilichoweza kubandika nailoni ya namna hiyo kinashindwaje kubandika tangazo la namna hiyohiyo?

Naomba tusichanganye mambo. Kuna vibandiko ambavyo lazima vidumu. Kile chenye volti, wati, modeli na namba ya kifaa, ambacho mara nyingi huwa nyuma au ndani ya mlango, fundi atakihitaji na waranti itakihitaji, hicho usikiguse. Lebo ya matumizi ya umeme nayo ina heshima yake. Kenya ina kanuni tangu 2016 zinazotaka friji na viyoyozi vionyeshe nyota za ufanisi, na Marekani lebo ya njano ya EnergyGuide hairuhusiwi kuondolewa kabla mnunuzi hajanunua. Angalia sheria hiyo ilipoweka mpaka: ni kwenye kununua. Baada ya hapo mlango ni wa aliyelipa. Tangazo halina hoja ya kubaki jikoni kwake.

Wapo wanaoziacha makusudi, wakihofia kwamba stika ikitoka waranti imekufa. Wauzaji, waambieni wateja ukweli. Kwa kawaida waranti inategemea risiti, kadi na namba ya kifaa. Kibandiko kinachofunika skrubu ni kitu kingine kabisa. Na nailoni nayo itolewe. Huku pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, hewa ina chumvi, na unyevu ukinaswa chini ya nailoni huweka madoa hata kwenye chuma kisichoshika kutu.

Linaloniudhi zaidi ni lebo inayobandikwa ndani ya sufuria au kikaango, pale chakula kinapokaa, au kwenye bamba la pasi. Pasi ikipashwa moto kabla ya kusafishwa, gundi inahamia kwenye shati la shule. Huo ni uzembe, na hauna kisingizio.

Kwa aliye na mlango wenye gundi leo: chomoa friji, kisha pasha stika kwa draya ya nywele au kitambaa cha maji ya moto kilichokamuliwa, halafu vuta polepole ukiilaza karibu na mlango. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, iache ilainike, ifute, uoshe kwa sabuni. Ikikataa, jaribu spiriti kidogo mahali pasipoonekana kwanza. Tina na asetoni huyeyusha plastiki, ziache. Petroli na mafuta ya taa visiingie jikoni kwenye jiko la gesi hata kwa dakika moja.

Lakini mnunuzi hapaswi kuwa fundi wa gundi. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 mkononi, na viwango vingi tunavioanisha na wenzetu wa Afrika Mashariki. Kiandikwe kimoja: stika yoyote ya matangazo kwenye kifaa cha nyumbani itoke kwa mkono bila kuacha gundi, na isibandikwe mahali pa chakula wala pa moto. Waagizaji hawana haja ya kungoja. Wananunua kwa makontena, na kiwanda kinawasikiliza. Waweke sharti hilo kwenye oda ijayo. Nawe ukiwa dukani, kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji abandue stika moja mbele yako. Ikichanika, mwombe akuletee nyingine au akupunguzie bei.