Nani Ameingia Katika Akaunti Yako?

Juma hili tuzungumze juu ya jambo linalotia fitina katika nyumba zetu. Mtu apigiwa simu na shemeji yake: "Mbona jana usiku umeniomba shilingi 50,000 kwa Facebook?" Naye hakuomba hata senti. Papo hapo aanza kuhesabu watu: ni yule kijana aliyenifungulia akaunti, ni fundi aliyekaa na simu yangu siku mbili, ni mke wa ndugu yangu. Jua halijatua, watu hawasalimiani tena.

Ngoja kwanza. Kabla hujamtaja mtu, angalia.

Mwombe shemeji akuonyeshe ujumbe wenyewe, mtazame umetoka katika akaunti gani. Mara nyingi mwizi hakuingia kwako kabisa. Amechukua picha yako, ambayo kila mtu aiona, akafungua akaunti nyingine kwa jina lako. Hapo kubadili neno la siri hakusaidii, maana mlango wako haujaguswa. Yafaa jamaa zako wairipoti akaunti ile ya uongo kwa Facebook, nawe uwapigie simu wale wenye huruma nyingi, wasije wakatuma fedha.

Lakini kama ujumbe umetoka katika akaunti yako mwenyewe, ingia kwenye mipangilio, penye mambo ya neno la siri na usalama, utafute orodha ya mahali ulipoingia. Humo waandikwa simu na kompyuta zilizomo ndani ya akaunti yako: aina yake, mji, na siku iliyotumika.

Nakusihi orodha hiyo uisome pole pole. Mji ule ni wa kukisia tu, kwa kufuata njia ya mtandao. Wewe wakaa Mbinga, simu ni hiyo mkononi mwako, walakini orodha yaweza kusema Dar es Salaam. Mume asiyejua hayo akiliona neno hilo katika simu ya mkewe, ataka kuambiwa ni nani aliye huko. Kumbe hakuna mtu! Tazama aina ya simu na saa kuliko jina la mji. Ukikuta simu usiyopata kuwa nayo, iliyotumika wakati wewe ulikuwa shambani na yako umeiacha nyumbani imezimika, hapo pana neno. Iondoe, badili neno la siri, tena uangalie kama mgeni huyo hakuongeza namba yake ya simu au barua pepe yake katika akaunti yako, maana kwa hiyo ataweza kurudi.

Hata hivyo orodha yaonyesha simu, si mkono ulioishika. Labda ni simu yako ya zamani uliyoiuza bila kuifuta.

WhatsApp nayo ina orodha yake, iitwayo vifaa vilivyounganishwa. Akaunti yako yaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu. Mtu akiipata simu yako wazi kwa dakika moja, huielekeza kwenye alama ya vidoadoa iliyo katika kompyuta yake, kisha husoma habari zako akiwa mbali, na simu unayo wewe. Ukiona kifaa usichokijua, kiguse, ukitoe. (Ukigundua kuwa aliyekiunganisha ni mume au mke wako, hilo mipangilio haiwezi kulimaliza, kaeni mzungumze.)

Na kama WhatsApp imekutoa, ikisema namba yako imeandikishwa katika simu nyingine, iandikishe tena. Utaletewa tarakimu sita kwa meseji. Ukiziweka, yule mwingine atoka. Ukiulizwa namba ya siri usiyoijua, ni yeye aliyeiweka. Utangoja siku 7, lakini naye hayumo tena. Ukisharudi, weka namba ya siri yako mwenyewe. Na tarakimu zile sita usimpe mtu awaye yote, hata akijiita katekista.

Kwa wazee ambao macho hayaoni tena maandishi madogo: mjukuu awasomee orodha kwa sauti, simu ikiwa mikononi mwao wenyewe.