Gari la Shemeji

Neno "shangingi" lilikuwa la watu kabla halijawa la magari. Lilitumika, na bado linatumika, kumsema mwanamke wa mjini aliyekubuhu katika starehe: anayejipamba, anayetumia fedha kujifurahisha, asiyejali nani anatazama. Ni neno la dharau. Kisha magari makubwa ya wakubwa yalipoanza kujaa mijini, Watanzania kwa utundu wao wakalihamishia huko, Land Cruiser yenye kiyoyozi na vioo vyeusi ikawa shangingi. Tangu hapo tumebaki na hali ya ajabu katika lugha yetu. Mwanamume akipanda shangingi, hiyo ni stahiki ya cheo chake. Mwanamke akitaka gari zuri kwa sababu tu ni zuri, yeye mwenyewe ndiye anayekuwa shangingi.

Nimekuwa nikilitafakari jambo hili kwa miezi mitatu kwa sababu ya nyumbani kabisa: mke wangu ananunua gari. Fedha ni zake, sehemu akiba na sehemu mkopo wa SACCOS. Ana duka la dawa. Husafiri takribani kilomita 40 kwa siku kati ya nyumbani, dukani na Kariakoo anakochukua mzigo, na amechoka kusafirisha maboksi kwa bajaji. Mimi nimepewa kazi ya msaidizi. Masharti alinipa matatu, kwa mpangilio ambao hakutaka niuguse: gari liwe zuri machoni pake, liwe tamu kuliendesha, na lifanye kazi zake bila kumtia hasara.

Wanaume tukisikia orodha ya namna hiyo huigeuza papo hapo. La tatu huwa la kwanza, na mawili ya mwanzo hufutwa kwa tabasamu. Mwenzangu mmoja kazini, msomi wa kuheshimika, aliniambia: "Mnunulie IST nyeupe, mambo yaishe." Sentensi hiyo fupi imebeba siasa nyingi kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia. Kitenzi cha kwanza kinanifanya mimi kuwa mnunuzi, ingawa senti yangu haimo. Kitenzi cha mwisho kinachukulia kuwa matakwa ya mwanamke ni kero inayopaswa kumalizwa haraka ili watu warudi kwenye mambo ya maana.

Sina ugomvi na IST. Ni gari la haki, lilianza kuuzwa mwaka 2002, mafundi wetu wanalifungua wakiwa wamefumba macho, na vipuri vyake vimejaa Gerezani (baadhi, kama tujuavyo, vikiwa vimetoka katika gari la mtu aliyeegesha vibaya jana usiku). Ugomvi wangu ni na sababu inayotangulizwa mbele ya zote hizo: linauzika. Ukiuliza kwa nini gari liwe Toyota, kwa nini liwe jeupe au la rangi ya fedha, kwa nini lisiwe la buluu, jibu ni hilo hilo. Maana yake ni kwamba tunanunua gari kwa ajili ya mtu tusiyemjua, atakayekuja na fedha zake baada ya miaka sita. Yeye ndiye tunayemchagulia rangi. Sisi tutalilipia mafuta, bima na matairi miaka yote hiyo, lakini tutakaa ndani yake kama wapangaji. Mke wangu alipoulizwa kama gari la buluu litauzika, alijibu kwamba hana mpango wa kuliuza. Watu walicheka wakidhani ni utani.

Naelewa hofu hiyo inatoka wapi. Kwa mtumishi wa umma wa kawaida, gari ni akiba yenye magurudumu. Likitokea la kutokea, iwe ada ya mtoto au matibabu ya mzazi, gari ndilo linalotangulia sokoni. Jamii ambayo ugonjwa mmoja unaweza kuifilisi familia lazima imfikirie mnunuzi wa kesho. Weupe wa magari yetu, kwa hiyo, unasema jambo kuhusu hifadhi ya jamii kuliko unavyosema kuhusu ladha. Lakini kuielewa hofu ni jambo moja, na kumtwika mwanamke peke yake hofu hiyo ni jambo jingine. Wanaomshauri mke awe na busara wenyewe wanaendesha Crown na Forester, na habari ya ulaji wa mafuta wa magari hayo haitajwi mezani.

Tulianza kwa kutembelea yadi ya magari hapa jijini. Kijana muuzaji alinikaribisha mimi: "Karibu, bosi." Mke wangu akauliza mwaka wa gari, jibu likaja kwangu. Akauliza kuhusu gia, akaambiwa, "Shemeji, hili linakufaa kabisa, ni la kina mama, halina usumbufu." Shemeji ni neno zuri, la udugu na staha, nami nisingependa lipotee. Pale, hata hivyo, lilifanya kazi nyingine. Lilimtambulisha mteja kwa kupitia mimi, mtu ambaye kijana yule alikuwa amenifahamu kwa dakika nne. Mwenye fedha aligeuzwa jamaa wa mwenye fedha. Alipoomba kulijaribu barabarani, funguo zililetwa zikawekwa kiganjani mwangu. Nilizipitisha upande wa pili, nikaketi kiti cha nyuma.

Na hilo "gari la kina mama" ni nini hasa? Kwa kadiri nilivyosikia, ni gari dogo, zito kuondoka, lisilomshtua mtu. Hakuna aliyetaka kujua kama mteja anapenda kuendesha. Huyu anapenda. Hupenda usukani unaotii, gari linalokata kona bila kuyumba kama mashua, kiti kinachomwezesha kuona mbele bila kujinyosha shingo. Gari lake la kwanza moyoni lilikuwa Suzuki Swift, na baada ya kuliendesha moja kwa nusu saa alishuka akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu mtoto wetu wa pili aanze shule. Furaha ya kuendesha si kasi, kama wadhanivyo vijana wa usiku wa Jumamosi. Ni hali ya kuitawala safari yako. Kwa mwanamke anayefunga duka saa tatu usiku, ambaye kwa miaka mingi alisimama daladalani akibanwa na watu ambao baadhi yao hawakumbana kwa bahati mbaya, kuitawala safari si jambo dogo.

Sasa nije kwenye matumizi, maana sitaki mwanafunzi anayesoma makala haya adhani kwamba uzuri unafuta hesabu. Swift ilishindwa kwa sababu ya buti: maboksi sita ya dripu hayaingii bila kulaza viti, na watoto ni wawili. Nissan Juke, ambayo kila mtu hugeuka kuitazama, ilianguka katika mtihani huo huo. Kuhusu mafuta, kwa kilomita 40 kwa siku, gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita linatumia chini ya lita tatu. Linalokwenda kilomita 9 kwa lita linatumia karibu lita nne na nusu. Kwa siku 26 za kazi tofauti ni lita 41 hivi, kila mwezi, na bei hupangwa upya na EWURA kila mwezi. Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na mzigo wake kuhamishiwa katika mafuta. Anayechoma lita nyingi ndiye anayelipa zaidi. Wengi sasa wanafunga mitungi ya gesi, na hesabu yake ni nzuri, ila mtungi hukaa ndani ya buti, na buti ndilo lililotuleta hapa.

Kodi nayo ina sura yake. TRA ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, na hesabu huanzia kwenye thamani hiyo. Tuchukue gari la injini ya sentimita za ujazo 1,500 lenye thamani ya 100, bima na usafirishaji vikiwa ndani. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha 125. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 unaongeza 6.25. Kama gari limezidi miaka 10 tangu litengenezwe, kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, yaani 37.5 zaidi; kati ya miaka 8 na 10 ni nusu yake. Juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Gari kuukuu linaishia 199. Gari la chini ya miaka 8 linaishia 155. Tozo ya reli, gharama za bandari na usajili bado.

Kenya hairuhusu kabisa gari lililozidi miaka 8 kuingia. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi tumechagua kuruhusu na kutoza. Hoja ya mazingira na usalama ni ya halali, nami siipingi. Ninachokiona ni kwamba asilimia kubwa zaidi inalipwa na yule ambaye uwezo wake unaishia kwenye gari kuukuu: mwalimu, muuguzi, mwenye duka. Katika miaka ya uwaziri mkuu wa Mizengo Pinda, kati ya 2008 na 2015, habari ya kupunguza mashangingi ya Serikali ilisemwa sana. Tazama msafara wowote leo. Anayetumia lita nyingi kuliko wote hajui bei ya lita moja, kwa kuwa hailipii, na hakuna anayempa ushauri wa kuwa na busara.

Ni kwa hesabu hiyo ya kodi mke wangu aliamua kutafuta gari la chini ya miaka 8, na kwa hesabu ya buti akaifikia Honda Fit ya kizazi kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2013. Ubunifu wake ni huu: tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo makalio ya viti vya nyuma yanakunjwa kwenda juu na kuacha nafasi ndefu toka sakafuni hadi darini. Maboksi yanasimama wima, na kiti cha mtoto mmoja kinabaki. Toleo la haibridi la miaka ya mwanzo aliliacha, kwa kuwa mtengenezaji aliliita lirudishwe mara kadhaa kwa hitilafu zikiwamo za gia. Kuhusu kugusa chini, aliazima Fit ya rafiki yake, akatupakia wanne, akaipitisha barabara yetu ya vumbi yenye makorongo. Iligusa mara moja, polepole. Aliandika hilo kwenye daftari lake akasema atalivumilia.

Kazi yangu ikawa kusoma karatasi za mnada, ambazo nawashauri wanunuzi wote wadai kuziona. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. Herufi R inaashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Mchoro wa bodi una alama ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya. Kilomita zinazoonyeshwa zilinganishwe na zile zilizoandikwa katika cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani, maana dashibodi hurudishwa nyuma na watu wasiomwogopa Mungu. Nilisoma kumi na tisa. Yeye alichagua ya kumi na nne, ya buluu iliyokoza, ambayo hivi sasa iko baharini.

Kuna wasomaji watakaosema haya ni matatizo ya watu wenye nafasi. Ni kweli kwamba wanawake wengi wa Dar es Salaam watapanda daladala na mwendokasi maisha yao yote, na mabasi mengi yenye staha yangewasaidia kuliko Fit elfu kumi. Nimeandika kuhusu usafiri wa umma mara nyingi na nitaandika tena. Leo nasema juu ya nani anahesabiwa kuwa mnunuzi, na hilo lina matokeo hadi mahakamani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata na kumiliki mali. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja wao itachukuliwa kuwa ni yake peke yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, ni ya wote kwa usawa. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, na hilo limewasaidia wengi. Lakini mwanamke aliyelipa fedha taslimu hapaswi kuwa mahakamani akithibitisha mchango. Kadi ya gari ikiwa kwa jina lake, dhana ya sheria iko upande wake. Kadi hiyo hiyo ndiyo atakayoiweka dhamana benki akitaka kuongeza mtaji wa duka, bila kuomba saini yangu ya hisani.

Juzi wakala wa forodha alitutumia fomu tuzihakiki. Malipo yote yalifanywa na mke wangu na mawasiliano yote yalipitia simu yake. Katika sehemu ya mmiliki alikuwa ameandika jina langu, na mbele yake "Dkt." Fomu imerudishwa, na TIN sahihi imeandikwa kwa kalamu nyekundu.