Kuzima Taa Si Kutengeneza Gari

Gari dogo lililotumika Japani laingia katika gereji ya chini ya mwembe huko Mitwero, karibu na mji wa Lindi. Injini yake ni nzima na breki zake zashika, lakini kwenye dashibodi iko taa nyekundu, yenye umbo la mtu aliyeketi mbele ya duara, isiyotaka kuzimika. Mwenye gari anahofu kwamba taa hiyo itampunguzia bei siku ya kuuza. Fundi afungua dashibodi, ang'oa balbu, na kabla ya adhuhuri kazi imekwisha. Mambo ya namna hii ni ya kawaida, wala hayatendwi kwa nia mbaya. Hata hivyo yafaa isemwe waziwazi kwamba kuzima taa si kutengeneza gari.

Taa hiyo ni ya mfuko wa hewa uliofichwa katikati ya usukani, ambao mafundi huuita eabegi. Wazo lake si geni: Mmarekani John Hetrick alipewa hataza ya mfuko wa aina hiyo mwaka 1953. Katika usukani hamkuhifadhiwa hewa. Kilichomo ni kopo dogo la chuma lenye vidonge vya kemikali pamoja na kiwashio cha umeme. Gari ligongapo kwa nguvu, kipima-mshtuko huiarifu kompyuta, kiwashio huwaka, vidonge huungua, na gesi huujaza mfuko. Yote hayo humalizika kwa muda wa sekunde 0.05 hivi, upesi kuliko kupepesa jicho. Kwa miaka mingi kemikali iliyotumika sana ilikuwa sodiamu azaidi. Mwanafunzi aliyejifunza hesabu za moli aweza kukokotoa kwamba gramu 130 za kemikali hiyo hutoa lita 67 hivi za nitrojeni, katika nyuzijoto 0 na kanieneo ya kawaida.

Kompyuta hiyo hujikagua kila gari liwashwapo. Ikiona kwamba ukinzani wa mzunguko wa umeme si ule upasao, huiacha taa ikiwaka. Sababu zaweza kuwa nyingi: soketi iliyolegea chini ya kiti, betri iliyodhoofika, au utepe wa nyaya uliovingirishwa chini ya usukani kukatika. Honi ikikataa kulia wakati huo huo, mara nyingi kosa ni la utepe huo. Yawezekana pia kwamba gari liligongwa huko lilikotoka, mfuko ukafumuka, na mahali pake pakafunikwa tu. Balbu ikisha kung'olewa, mnunuzi hana njia rahisi ya kuyatambua hayo.

Lakini taa nayo ina mpaka wake. Hupima umeme, haipimi kemia. Hapa ndipo jambo hili linapowahusu hasa watu wa pwani. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza makopo yaliyotumia amonia naitreti, chumvi ile ile iliyomo katika mbolea ya CAN. Mkulima ajua litokealo mfuko wa CAN ukiachwa wazi wakati wa masika: mbolea hunyonya unyevu ikagandamana. Isitoshe, fuwele za amonia naitreti hubadili umbo zipitapo nyuzijoto 32 hivi. Takata ilichanganya kemikali nyingine ili kulizuia badiliko hilo, lakini unyevu na joto la kupanda mchana na kushuka usiku, kwa miaka mingi, viliviharibu vidonge. Kidonge kilichochakaa huungua upesi mno, kama vile unga wa mbao uunguavyo upesi kuliko gogo. Hapo kopo lenyewe hupasuka, na vipande vya chuma humrukia yule aliyekusudiwa kuokolewa.

Magari yenye kasoro hiyo yalianza kuitwa yarudishwe mwaka 2008, na hatimaye makopo yaliyohusika duniani yakafikia takriban milioni 100. Mwezi Juni 2017 Takata iliomba kufilisiwa. Nchini Marekani sehemu zenye joto na unyevu, kama Florida, zilipewa kipaumbele katika wito. Huko Malaysia, mwaka 2014, mama mjamzito aliuawa na kipande cha chuma katika ajali ambayo pengine angeweza kupona. Hali ya hewa ya Kilwa na Lindi ni ya jamii hiyo hiyo. Nayo barua ya wito hupelekwa kwa mwenye gari aliyeandikishwa Japani; gari likisha kupakiwa melini kuja Dar es Salaam, barua hailifuati.

Kwa hiyo mwenye gari ana maswali mawili ya kujiuliza, wala si moja. Taa yasema nini? Na namba ya chesisi yasema nini? La kwanza hujibiwa na fundi mwenye kipimo cha kompyuta. La pili hujibiwa na mtengenezaji au wakala wake, na watengenezaji kadhaa wameweka orodha ambamo namba huweza kutafutwa kwa simu ya mkononi.

Kazi yenyewe ina taratibu zake, na kila moja ina sababu katika kitabu cha fizikia. Betri hufunguliwa kwanza, kisha hungojwa. Watengenezaji hutaja muda kuanzia dakika moja na nusu hadi dakika kumi, kwa maana kompyuta ina kapasita inayohifadhi umeme ili mfuko ufumuke hata betri ikivunjika katika ajali. Kiwashio hakipimwi kwa mita ya kawaida, kwa kuwa mkondo mdogo wa mita waweza kukiwasha. Mfuko uliotolewa huchukuliwa uso wake ukielekea mbali na mwili, na huwekwa mezani uso juu. Kopo halifunguliwi, halichomewi, wala halichukuliwi kutoka gari lililokatwakatwa ambalo historia yake haijulikani. Mfuko uliokwisha kufumuka haushonwi ukarudishwa. Naye dereva hukaa walau sentimita 25 kutoka usukani, mkanda ukiwa umefungwa, wala hampakati mtoto.

Watakaosema kwamba fundi wa Mitwero hana kipimo wala kitabu, na mteja wake hana fedha, wanasema kweli. Lakini umaskini hauhalalishi udanganyifu. Fundi asiyeweza kazi aweza kuiacha taa ikiwaka na kuandika katika risiti: "Mfuko wa hewa una hitilafu, haukutengenezwa." Maneno hayo hayagharimu kitu, na yaweza kumwokoa mtu wa tatu atakayelinunua gari hilo.

Mengine ni wajibu wa Taifa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ijapokuwa imerekebishwa, ilitungwa wakati mfuko wa hewa haujaenea duniani. Shirika la Viwango lingefanya vyema kuidai taarifa ya wito kwa kila namba ya chesisi kabla gari halijaanza kutumika nchini. Chuo cha VETA mjini Lindi, na vinginevyo, vingewapa mafundi wa chini ya mwembe mafunzo mafupi ya siku chache, bila kuwadai vyeti vya shule.

Na shule za sekondari zina nafasi yake. Kapasita, ukinzani, moli, kasi ya mmenyuko, chumvi inyonyayo unyevu: yote yamo katika muhtasari wa masomo, na mara nyingi hukaririwa kwa ajili ya mtihani tu. Usukani wa gari la mwalimu mkuu, au la jirani, unayo yote. Mwanafunzi atakayeweza kumweleza baba yake kwa nini taa ile isizimwe atakuwa ameielewa sayansi, na huenda akawa ameiokoa nyumba yake.